Kabla Gesi Haijatoka Baharini

Mwaka 2010 gesi asilia iligunduliwa kwa mara ya kwanza chini ya maji ya kina kirefu ya Tanzania, katika kisima kilichopewa jina la Pweza. Ndani ya miaka mitano vikafuata visima vingine, navyo vikapewa majina ambayo kila mtu wa Pwani anayajua, ya baharini na ya jikoni: Chewa, Chaza, Jodari, Mzia, kisha Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini. Hesabu ya serikali ikafika futi za ujazo trilioni 57.54 kwa nchi nzima, na zaidi ya trilioni 47 kati ya hizo ziko chini ya bahari hiyo ya mbali. Tangu hapo watu wa Lindi na Mtwara, na wa nchi nzima, wamekuwa wakiuliza gesi hiyo itatoka lini. Ni swali la haki, na linastahili majibu kamili kuliko yale yanayotolewa majukwaani.

Kijitabu hiki kinatetea hoja moja. Fungu la taifa katika gesi ya kina kirefu halipimwi siku bomba linapofunguliwa. Kwa sehemu kubwa huwa limekwisha kupimwa miaka mingi kabla, mikataba inapotiwa saini, gharama zinapoandikwa vitabuni, mpango wa uendelezaji unapoidhinishwa na njia ya kuifikisha gesi sokoni inapochaguliwa. Mwananchi anayesubiri gesi itoke ndipo aanze kuuliza, atakuta mambo aliyotaka kuyauliza yamekwisha kufungwa kisheria kwa miaka 20 au 30 ijayo. Kwa hiyo miaka hii ya kungoja, inayoonekana kama miaka mitupu, ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Kugundua na kuchimba

Tuanze na ile tarakimu ya trilioni 57.54, kwa sababu imetumika vibaya mara nyingi. Ni makadirio ya gesi iliyomo ndani ya miamba, wala si gesi iliyo tayari kuuzwa. Gesi haikai chini ya ardhi kama maji ndani ya pango. Imebanwa katika vitundu vidogo vya mchanga uliogeuka jiwe, na si yote itakayokubali kutoka. Sehemu itakayotoka hutegemea mgandamizo wa mwamba, idadi ya visima na teknolojia iliyopo, na sehemu itakayolipa hutegemea bei ya soko na masharti ya kodi. Kampuni haihesabu gesi kuwa akiba inayouzika mpaka kuwe na mpango wa kuitoa, mnunuzi na fedha. Anayezidisha tarakimu hiyo kwa bei ya leo na kuigawa kwa idadi ya Watanzania anafanya hesabu isiyo na maana, na matumaini yanayojengwa juu yake ndiyo huzaa hasira baadaye.

Historia yetu wenyewe inaonyesha umbali uliopo kati ya kugundua na kuchimba. Gesi ya Songo Songo, kwenye kisiwa kidogo cha wilaya ya Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ilianza kuzalisha umeme Dar es Salaam na kuchoma saruji Wazo mwaka 2004, miaka 30 baadaye. Gesi ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982 nayo ikangoja zaidi ya miongo miwili. Na hizo ni gesi za nchi kavu na maji mafupi, zilizo rahisi kuzifikia. Mwaka huo huo wa 1974, katika bahari iliyo kati ya Australia na Timor ya Mashariki, iligunduliwa hazina kubwa ya gesi iitwayo Sunrise. Nusu karne ilipita bila kuchimbwa. Kwanza palikuwa na mgogoro wa mpaka wa bahari, uliopatiwa mkataba mwaka 2018, kisha mabishano juu ya bomba lielekee pwani ya nani. Gesi ya Sunrise haikuwahi kuwa na kasoro. Kilichokosekana ni makubaliano ya wanadamu juu yake.

Ghana kwa upande wake iligundua mafuta ya Jubilee mwaka 2007 na kuanza kuyachimba mwishoni mwa mwaka 2010. Mara nyingi mfano huu hutajwa ili kuonyesha uzembe wa wengine, lakini tofauti kubwa ni kwamba yale yalikuwa mafuta. Mafuta hupandishwa kwenye meli maalumu iliyotiwa nanga juu ya visima, hutenganishwa na maji na mchanga, kisha hupakiwa kwenye meli nyingine na kwenda kwa mnunuzi yeyote duniani. Gesi iliyotoka pamoja na mafuta hayo haikuwa na njia rahisi kama hiyo. Ilibidi irudishwe chini ya mwamba mpaka kiwanda cha kuichakata kilipoanza kazi huko Atuabo mwishoni mwa mwaka 2014.

Mita 2,500 chini ya maji

Ili kuelewa fedha zinakwenda wapi, ni lazima kuelewa mahali penyewe. Baadhi ya visima vya Tanzania viko umbali wa takriban kilomita 100 kutoka pwani, kwenye maji yenye kina kinachofika mita 2,500. Hakuna jukwaa lenye miguu linaloweza kusimama hapo, wala mzamiaji anayeweza kushuka. Mgandamizo wa maji kwenye sakafu hiyo ni mara 250 ya ule wa hewa tunayoivuta, na baridi yake iko karibu na nyuzi 4. Vali za kufungia visima hukaa chini kabisa, juu ya tope, zikiendeshwa kwa nyaya kutoka nchi kavu na kutengenezwa na roboti. Kuchoronga kisima kimoja tu cha aina hiyo hugharimu makumi ya mamilioni ya dola, na mara nyingine zaidi ya milioni 100, kwa sababu meli ya uchorongaji hulipwa kwa siku, iwe inafanya kazi au inasubiri bahari itulie.

Baada ya kutoka kisimani gesi hukutana na shida nyingine. Ikichanganyika na maji katika baridi na mgandamizo wa namna hiyo, hugeuka kitu kigumu mfano wa barafu ambacho huweza kuziba bomba zima. Njia ya kawaida ya kuzuia hilo ni kuingiza dawa ya aina ya glaikoli kule kule kisimani, kuitenganisha na gesi nchi kavu, kuisafisha, na kuirudisha tena baharini kwa bomba lake. Sakafu ya bahari kati ya visima na Lindi nayo si tambarare: kuna miteremko mikali na makorongo marefu ambayo bomba lazima liyazunguke au liyavuke kwa usalama. Ikishafika pwani, gesi inatakiwa ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ili iwe kimiminika na ujazo wake upungue mara 600, ndipo iweze kubebwa na meli kwenda Asia au Ulaya. Kiwanda cha kuipoza, kilichopangwa kujengwa Likong'o mkoani Lindi, ndicho kinachoufanya mradi mzima ukadiriwe kwa dola bilioni 30 na zaidi. Makadirio mengine yamefika bilioni 42.

Hakuna benki itakayotoa fedha za kiasi hicho kwa matumaini. Huulizia kwanza mnunuzi aliyejifunga kwa mkataba wa muda mrefu. Huko Msumbiji, upande wa pili wa Mto Ruvuma, gesi ya Coral iligunduliwa mwaka 2012, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ukafanyika Juni 2017, na shehena ya kwanza ikaondoka Novemba 2022. Uamuzi ule uliwezekana kwa sababu mnunuzi mmoja alikwisha kukubali kuchukua gesi yote kwa miaka 20. Mradi jirani wa nchi kavu, wa rasi ya Afungi, uliamuliwa mwaka 2019 kwa gharama ya takriban dola bilioni 20, lakini baada ya mashambulizi katika mji jirani wa Palma, Machi 2021, ukasimamishwa kwa miaka. Mambo haya yote, yaani mnunuzi, bei, usalama wa eneo na uthabiti wa sheria, hufungwa pamoja katika uamuzi mmoja. Ukishapita, mambo machache sana hubadilika.

Mahali fungu linapopimwa

Tanzania hutumia mikataba ya ugawanaji mapato. Gesi ni mali ya taifa, inasimamiwa kwa niaba ya wananchi. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, hushika leseni. Kampuni huja na mtaji na ufundi na kubeba hasara endapo hakitapatikana kitu. Jambo hilo la mwisho lisipuuzwe. Kampuni isipopata gesi katika kitalu chake, taifa halidaiwi hata senti. Lakini gesi ikipatikana na kuanza kuuzwa, mgawanyo huanza. Kwanza hutoka mrabaha, ambao kwa vitalu vya baharini uliwekwa asilimia 7.5 katika mkataba wa mfano wa mwaka 2013. Kisha mwekezaji hujirudishia gharama zake, hadi kikomo kilichoandikwa. Kinachobaki ndicho huitwa gesi ya faida, na hicho ndicho hugawanywa kati ya pande mbili. Baadaye zinafuata kodi za kawaida.

Mkulima aliyewahi kulima kwa nusu na mwenye trekta anaujua ugumu ulipo hapo. Mapatano ya nusu kwa nusu yanasikika vizuri, lakini ikiwa mwenye trekta anakata kwanza dizeli, vipuri na posho ya dereva, na yeye ndiye anayeandika daftari, basi nusu ya nini ndilo swali lenyewe. Chukulia mauzo ya dola 100. Mrabaha ni 7.5, zimebaki 92.5. Gharama zikiwa 40, gesi ya faida ni 52.5, na taifa likichukua nusu linapata 26.25. Gharama zikiandikwa 50 badala ya 40, gesi ya faida inashuka hadi 42.5 na nusu ya taifa inakuwa 21.25. Asilimia ya mkataba haikuguswa hata kidogo, lakini taifa limepoteza dola 5 katika kila 100. Na endapo zile 10 za ziada zililipwa kwa kampuni dada ya mwekezaji, kwa mitambo au ushauri uliouzwa kwa bei ya juu, mwekezaji hakupoteza kitu. Amehamisha tu fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine.

Hapo ndipo penye uzito wa hoja yetu. Mijadala yetu ya hadhara hupenda kubishana juu ya asilimia, kwa sababu asilimia ni rahisi kutamka. Gharama hazitamkiki kirahisi. Ziko katika maelfu ya ankara za miaka 15, kuanzia meli ya mitetemo iliyokuja kupima miamba hadi mshahara wa mhandisi aliyekaa London. Lakini ndizo zinazoamua asilimia ile itazidishwa na nini. Mwaka 2011 Bunge lilijadili gharama za mamilioni ya dola ambazo wakaguzi walizihoji katika mradi wa Songo Songo, na mwekezaji akazipinga hoja hizo. Sitaki kuingia katika nani alikuwa na haki. Jambo la kujifunza ni kwamba ukaguzi ulikuja miaka mingi baada ya fedha kutumika, mashahidi wametawanyika na kumbukumbu zimepoa. Ukaguzi wa gharama za kina kirefu unapaswa kufanyika mwaka hadi mwaka, wakati hata gesi haijauzwa, na mikataba ikataze gharama za kitalu kimoja kufichwa ndani ya kingine. Tanzania ina vyombo vya kazi hiyo: Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Petroli ya 2015, Mamlaka ya Mapato, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Nguvu ya vyombo hivyo ni wataalamu wao wa uhasibu na uhandisi wa petroli, na wataalamu hao hawaandaliwi kwa mwaka mmoja. Ni lazima wawepo kabla ya gesi.

Tunayo pia mifano ya uamuzi wa mapema uliobeba taifa kwa miaka. Bomba la inchi 36 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilijengwa kwa mkopo wa China wa takriban dola bilioni 1.2 na kuanza kazi mwaka 2015. Linaweza kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku, lakini kwa miaka mingi limepitisha sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kwa sababu mitambo ya umeme na viwanda vilivyotegemewa kulijaza havikujengwa kwa kasi iliyopangwa. Marejesho ya mkopo hayangoji viwanda. Bomba lenyewe ni mali ya thamani na litaendelea kuhudumia nchi. Lakini ukubwa wake, njia yake na masharti ya mkopo wake viliamuliwa kabla watu wengi hawajajua kwamba kuna jambo la kujadili. Mtwara walipojua, mwishoni mwa mwaka 2012, walipaza sauti ya "gesi haitoki", na Mei 2013 vurugu zikagharimu maisha na mali. Naamini sehemu kubwa ya maumivu yale ingeepukika kama hesabu ya bomba, manufaa yake na fungu la mikoa ya kusini vingewekwa mezani mapema, kwa lugha inayoeleweka, mbele ya wale walioishi juu ya gesi hiyo.

Majibu kwa wanaopinga

Wapo wanaosema hakuna haraka, madini hayaozi. Tuyaache mpaka tuwe na nguvu ya kuyachimba kwa masharti yetu. Hoja hii ina heshima yake, na kwa dhahabu au chuma huenda ina uzito zaidi. Ni kweli mwamba hauozi. Soko huoza. Mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na bei nyingi za gesi ya kimiminika zilifungamanishwa na bei hiyo; kufikia Januari 2016 pipa lilikuwa chini ya dola 30, na miradi mingi duniani ikawekwa kabatini. Hata bei isipobadilika, fedha ya mbali ina thamani ndogo kuliko ya karibu: kwa kiwango cha asilimia 10 kwa mwaka, dola 100 zitakazolipwa baada ya miaka 10 ni sawa na dola 39 hivi za leo. Mwekezaji naye hupigwa na muda. Januari 2021 kampuni ya Equinor ya Norway, mwendeshaji wa Kitalu namba 2, ilipunguza thamani ya mradi wake wa Tanzania kwa dola milioni 982 katika vitabu vyake. Kwa hiyo kuchelewa hakumwadhibu mwenzako peke yake. Lakini kutokana na hayo hayo siwezi kuhitimisha kwamba tukimbilie saini yoyote. Majadiliano ya Mkataba wa Nchi Hodhi, yaani kati ya serikali na kampuni za mradi wa Lindi, yalisimama mwaka 2019, yakaanza tena 2021, makubaliano ya awali yakasainiwa Juni 2022, na Mei 2023 ikatangazwa kwamba majadiliano yamekamilika, ingawa saini ya mwisho haikufuata kama ilivyotarajiwa. Mwananchi ana haki ya kujua muda umepotea kwenye kipengele gani, kwa sababu kuna muda unaotumika kulinda fungu lake na kuna muda unaopotea kwa kutojiandaa. Kwa nje aina hizo mbili zinafanana.

Wengine husema gesi hii ibaki nyumbani, iwashe majiko na viwanda vyetu, badala ya kupelekwa Japani. Nakubaliana na shauku iliyo ndani ya maneno hayo. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa ilitoka kwenye gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, na kuna familia nyingi sana ambazo bado zinapikia mkaa. Ila kina kirefu hakikubali kuendelezwa kidogo kidogo. Kiwanda cha tani milioni 10 kwa mwaka, kama kilivyofikiriwa awali, kinahitaji gesi ya zaidi ya futi za ujazo bilioni 1.3 kila siku, wakati matumizi ya nchi nzima yamekuwa ni mamia machache ya mamilioni. Soko la ndani peke yake lisingeweza kulipia visima na mabomba ya mita 2,500 kwa bei ambayo mtumiaji wa Kitanzania anaweza kuimudu. Suluhisho ni kuyatumia mauzo ya nje kubeba gharama kubwa, na kuandika ndani ya mkataba kiasi kitakachobaki nchini, kitapatikana wapi na kwa bei gani. Kipengele hicho kikisahaulika mwanzoni, hakiingizwi baadaye bila kulipa. Angalia Coral: meli yake inaelea juu ya kina cha mita 2,000, inapoza gesi huko huko na kuipakia, na gesi haigusi ardhi ya Cabo Delgado. Ni mradi uliokwenda haraka na unaolipa kodi, lakini hauwezi kulisha kiwanda cha mbolea Palma. Uchaguzi kati ya meli inayoelea na kiwanda cha nchi kavu ni uchaguzi wa aina ya maendeleo, na hufanyika mara moja.

Kuhusu wanaotaka tuchimbe wenyewe, Norway ndiyo hutajwa kama mfano. Norway ilianza na kampuni za kigeni. Mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa mwishoni mwa mwaka 1969, shirika la taifa likaundwa 1972, na kwa miaka mingi lilijifunza kwa kukaa meza moja na wageni waliolazimika kufundisha. Mfuko wao mashuhuri ulianzishwa kwa sheria mwaka 1990 na kupokea fedha za kwanza 1996, zaidi ya miaka 25 baada ya ugunduzi. Kujitegemea kulikuja, lakini kulipangwa.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote ni ile ya siri. Husemwa kwamba mikataba ya gesi ni mambo ya wataalamu, na kwamba kuianika kunawapa faida washindani na kuwatisha wawekezaji. Ni kweli taarifa za miamba zina thamani ya kibiashara na zinaweza kulindwa kwa muda. Lakini kiwango cha mrabaha, kikomo cha gharama, ngazi za mgawanyo na wajibu wa soko la ndani si siri ya mwamba; ni masharti ya uuzaji wa mali ya umma. Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba wa Kitalu namba 2 ilivuja, na nchi ikajadili kwa wiki kadhaa karatasi ambayo wengi walikuwa hawajui kama ipo. Novemba mwaka huo huo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali iliamuru viongozi wa TPDC wakamatwe kwa kushindwa kuwasilisha mikataba 26. Hakuna upande ulionufaika na hali ile. Mwekezaji alishukiwa kwa vipengele ambavyo pengine angevieleza, shirika la umma lilionekana linaficha, na Bunge lilitumia nguvu pale ambapo kusoma kungetosha. Sheria ya uwazi na uwajibikaji katika tasnia ya uziduaji ya mwaka 2015 ilikuja kuagiza mikataba iwekwe hadharani. Agizo hilo ni jema, nalo linahitaji wananchi wanaoidai mikataba na walio tayari kuisoma, kwa sababu karatasi iliyowekwa hadharani bila msomaji haimlindi mtu.

Kuna pia wasiwasi wa hali ya hewa: kwamba dunia inaiacha gesi, na mitambo ya Lindi itazeeka kabla ya kulipa. Huu si wasiwasi wa kudharauliwa, na sina sababu ya kuuficha. Mradi unaoamuliwa leo utauza gesi miaka ya 2040 na 2050, na hakuna anayejua soko litakavyokuwa. Kwa ajili hiyo masharti yanapaswa kuhakikisha taifa linapata fungu lake tangu shehena za mwanzo, badala ya kuahidiwa mengi mwishoni. Sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi ya mwaka 2015 ilianzisha Mfuko wa Mafuta na Gesi unaotunzwa Benki Kuu, na kuweka mpaka wa asilimia 3 ya pato la taifa kwa kiasi kinachoweza kuingia kwenye bajeti. Mpaka huo una maana ikiwa serikali haijakopa dhidi ya gesi ambayo bado iko chini ya mwamba. Mikopo inayochukuliwa kwa matarajio hupita nje ya mfuko, na deni hubaki hata soko likianguka.

Lindi, wavuvi, na siku ya kufunga visima

Gharama nyingine za kungoja haziandikwi katika kitabu cha mwekezaji. Wakazi wa Likong'o waliambiwa katikati ya miaka ya 2010 kwamba ardhi yao imetengwa kwa ajili ya kiwanda, na malipo ya fidia yakaanza mwaka 2020. Katika kipindi hicho mtu hajui kama apande mikorosho, ambayo huchukua miaka kuzaa, wala kama amalizie nyumba. Fidia inayokokotolewa kwa mali iliyopo siku ya tathmini haioni mikorosho ambayo haikupandwa. Mradi ujao wa aina hii unaweza kuanza na kanuni tofauti: tarehe ya mwisho ya kulipa, na riba inayoanza kuhesabiwa tarehe hiyo ikipita. Halmashauri nazo zina fungu lake. Ushuru wa huduma umeiingizia Kilwa fedha kutokana na gesi ya Songo Songo, na mkazi wa Lindi anapaswa kufahamu mapema utakokotolewa kwa mauzo ya kampuni ipi kati ya nyingi zitakazohusika.

Baharini, sheria ya kimataifa inaruhusu eneo la usalama la mita 500 kuzunguka kila mtambo. Kwa visima vilivyo kilomita 100 nje, mvuvi wa dau au ngalawa haguswi sana. Atakayeguswa ni yule wa karibu na gati la kiwanda, kwenye mlango wa meli kubwa na mahali bahari itakapochimbwa kuongezwa kina. Ramani ya maeneo hayo ichorwe pamoja na vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, kabla ya gati kuanza kujengwa. Kuhusu ajali, tukumbuke kisima cha Macondo katika Ghuba ya Meksiko, Aprili 2010: wafanyakazi 11 walikufa, na mafuta yalimwagika kwa siku 87, takriban mapipa milioni 4.9, kutoka kwenye kina cha mita 1,500. Gesi haiachi utando mweusi ufukweni kama mafuta, na hilo ni nafuu ya kweli. Lakini meli ya kuziba kisima kilichopasuka haipo Mtwara wala Mombasa, na mpango wa dharura unapaswa kutaja itatoka wapi na itafika kwa siku ngapi.

Mwishowe visima vitakauka. Kila kimoja kitatakiwa kuzibwa kwa saruji, na vyuma vya kwenye sakafu ya bahari kuondolewa au kuachwa kwa idhini, kazi inayohitaji tena meli ya kulipwa kwa siku kwenye kina kile kile. Uingereza iliyoanza kuzalisha kutoka Brent mwaka 1976 inaijua hesabu hiyo: kwa kuwa gharama za kuvunja mitambo hupunguzwa kwenye kodi, sehemu yake hubebwa na hazina ya taifa. Kwetu Sheria ya Petroli ya 2015 inataka kuwe na mpango na mfuko wa kufunga miundombinu. Tarehe ya kuanza kuchangia mfuko huo, akaunti utakamowekwa, na nani atalipa upungufu endapo kampuni imekwisha kuuza hisa zake kwa nyingine ndogo na kuondoka, ni vipengele vya mpango wa uendelezaji. Ombeni mpango huo usomwe na Bunge na halmashauri za Lindi na Mtwara kabla haujaidhinishwa.